Ushindiliaji wa njia za theluji kwa baiskeli

Ushindiliaji wa njia za theluji ni kazi ya kukandamiza theluji laini hadi iwe ngumu kiasi cha kubeba baiskeli wakati wa majira ya baridi. Hufanyika hasa Marekani na Kanada, kwa mfano mjini Marquette, jimbo la Michigan, kando ya Ziwa Superior.

Baiskeli zinazotumika zina matairi manene, upana wa takriban inchi 4 hadi 5, yanayojazwa upepo kidogo sana, mara nyingi chini ya paundi 10 kwa inchi ya mraba. Hata hivyo, kwenye theluji mpya yenye kina gurudumu huzama, na mwendeshaji hulazimika kushuka na kusukuma.

Watengenezaji wa njia, wengi wao wakijitolea, hupita kwa viatu vipana vya theluji au kwa pikipiki ya theluji inayokokota chombo kizito. Kukandamiza tu hakutoshi. Theluji huvurugwa kwanza ili hewa itoke na chembe zake zigusane. Kisha chembe hizo hushikamana polepole kwa barafu. Jambo hilo huhitaji saa kadhaa bila kuguswa, ndiyo maana kazi hufanyika jioni au usiku, joto linaposhuka. Anayepita mapema huacha mfereji, nao ukiganda huweza kuwaangusha wenzake kwa siku kadhaa. Watembea kwa miguu nao, wakivaa viatu vya kawaida, huacha mashimo.

Jua likilainisha theluji, waendeshaji huombwa kungoja baridi irudi.