Fuwele Miminika Zinazovutika: Kwa Nini Hubadili Rangi?

Mtahiniwa, umewahi kutazama dimbwi lenye mafuta ya gari karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro, baada ya mvua? Unaona nyekundu, kijani na buluu, ilhali mafuta yenyewe hayana rangi hizo. Zinatokana na mwanga unaoakisiwa na utando mwembamba. Hizi huitwa rangi za muundo.

Sasa panda misitu ya Milima ya Uluguru, makazi ya vinyonga, akiwamo mwenye pembe tatu. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, walionyesha kuwa kinyonga wa Madagaska ana fuwele ndogo mno ngozini. Akitulia, fuwele hukaribiana na kuakisi buluu, ambayo pamoja na umanjano wa ngozi huonekana kijani. Akichokozwa, fuwele huachana na ngozi huelekea njano au nyekundu.

Fuwele miminika ni hali ya maada iliyo kati ya yabisi na kimiminika: molekuli hutiririka lakini zimejipanga. Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea wa Austria, aliibaini mwaka 1888. Molekuli zikijipanga kama ngazi za kuzunguka na kufungwa ndani ya mpira, tunapata utando unaovutika.

Kanuni: mwanga ukiangukia utando wima, λ = n × p
λ ni urefu wa wimbi linaloakisiwa, n ni kipimo cha mpindo wa mwanga, p ni kimo cha mzunguko mmoja wa ngazi.

Mfano: n = 1.5, p = 420 nm.
λ = 1.5 × 420 = 630 nm (nyekundu).
Ukiuvuta, ujazo haubadiliki, hivyo utando huwa mwembamba na p hupungua. Ikifika 300 nm, λ = 450 nm (buluu). Ukiuachia, wekundu hurudi.

Matumizi yanayotafitiwa:
(a) bandeji inayoonyesha kama imekazwa kupita kiasi;
(b) vibandiko vya kuonyesha sehemu ya mtambo iliyovutika, bila betri.

Tahadhari: Usiandike kuwa kuvuta "huongeza nafasi" kati ya matabaka ya utando; huipunguza. Kwa kinyonga aliyechokozwa nafasi huongezeka. Kanuni ni moja: nafasi ikipungua, wimbi huwa fupi.

Jipime: Utando wenye n = 1.5 unaakisi 540 nm. Tafuta p na utaje rangi. (Jibu: 360 nm; kijani.)