Programu Huria Zipate Walezi Kasulu na Kibondo

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisimamisha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10, mfumo endeshi uliokuwa ukitumika katika mamilioni ya kompyuta duniani. Kwa mwenye kompyuta mpya habari hiyo ilikuwa ndogo. Alihamia Windows 11 na kuendelea na kazi yake. Kwa shule na ofisi za huku kwetu milimani, Kasulu na Kibondo, ambako kompyuta aghalabu hufika baada ya kutumika miaka mingi mahali pengine, habari hiyo si ndogo hata kidogo. Windows 11 hudai vifaa ambavyo kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazinavyo. Hivyo mashine nzima, ambayo kioo chake kinawaka na vitufe vyake vinaitika, imehukumiwa uzee na watu wasiojua Kibondo iko upande gani wa ramani.

Kwa wale wasomaji wetu ambao hawajapata kuishughulikia mitambo hii, yafaa tueleze kwamba mfumo endeshi ni ile programu ya msingi inayoiamsha kompyuta, ikagawa kumbukumbu yake, ikapokea kila kinachoandikwa na kukipeleka kinakotakiwa. Programu nyingine zote hukaa juu yake. Usipotunzwa, mashine huendelea kuwaka, lakini kila tundu linalogunduliwa na wezi wa mitandao hubaki wazi. Haipiti siku nyingi virusi vinahamia humo kwa flashi za wateja.

Vijana wa steshenari zilizo karibu na stendi za mabasi wanalo jibu lao, na wenyewe huliita kupiga window. Huchukua nakala ya Windows iliyovunjwa kufuli, wakaipakia katika mashine ya mteja, wakazima masasisho ili kampuni isije ikagundua, na kazi ikaisha kwa malipo ya shilingi chache. Hatuwalaumu vijana hao. Mteja anataka barua yake ya maombi ya kazi ichapwe kabla basi halijaondoka, na hana nafasi ya kuhojiana na mtu juu ya leseni. Lakini hapana budi tuseme kwamba nakala ya namna hiyo ni mali ya wizi, na haijulikani aliyeivunja kufuli aliweka nini ndani yake.

Liko jibu la pili, na ndilo lililotufanya tuandike leo. Nalo ni programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake umewekwa wazi, mtu yeyote akaruhusiwa kuzisoma, kuzirekebisha na kuzigawa. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, alitangaza kwamba anaandika mfumo endeshi wa kujifurahisha, wala hakutarajia uwe kitu kikubwa. Kazi hiyo ya burudani ndiyo Linux, na kiini chake ndicho kinachoendesha kila simu ya Android iliyomo mifukoni mwa wananchi wa Heru Juu na Kakonko. Watu wetu wengi hutumia programu huria kutwa nzima bila kujua.

Walakini Linux siku hizi ina matajiri nyuma yake. Mfano unaotuvutia zaidi ni wa mfumo mdogo uitwao Haiku, kwa sababu huo umebaki mikononi mwa wapenzi tu. Kampuni ya Be ya California ilikuwa imetengeneza mfumo endeshi mwepesi na mzuri kwa jina la BeOS, lakini biashara ikaishinda, na mwaka 2001 kampuni ya Palm ikanunua haki zake. Msimbo haukutolewa kwa umma. Mfumo uliokuwa hai ukawa umezikwa pamoja na wenyewe.

Hapo watumiaji wachache walifanya jambo ambalo watu wengi wa biashara wangeliona kuwa ni upuuzi: walianza kuujenga upya tangu msingi, bila ya kuona msimbo wa asili, kwa kuangalia tu namna ulivyofanya kazi. Mwanzoni waliuita OpenBeOS, na mwaka 2004 wakaubadili jina kuwa Haiku. Toleo la kwanza kabisa la majaribio lilitoka Septemba 2009, miaka minane baada ya kuanza. Hatua ya pili ya majaribio ilifikiwa Septemba 2018, na toleo la tano la hatua hiyo likatoka Septemba 2024. Msomaji na ahesabu mwenyewe. Ni miaka ishirini na mitatu, na bado waliliita toleo la kujaribia!

Katika miaka yote hiyo kazi yenyewe ilikuwa ya namna ambayo haipigiwi vigelegele. Mmoja aligundua kwamba kadi fulani ya intaneti isiyo na waya haitambuliwi, akakesha akiiandikia kiendeshi. Mwingine aliona herufi zinakatika katika dirisha fulani, akarekebisha mistari michache. Wa tatu hajui kuandika programu kamwe, lakini anaijua lugha yake, akatafsiri maneno ya menyu. Wengi wao huifanya kazi hiyo usiku, baada ya kutoka katika ajira zao, na hawalipwi chochote; ingawa michango ya wapenzi imefika hata kumwezesha mtu kuajiriwa kwa mkataba kuishughulikia. Wazee wetu waliojenga zahanati kwa msaragambo wangeitambua kazi ya namna hii mara moja, ila tu kwamba hawa wa Haiku hawaishi mahali pamoja, na wengine wametengwa na bahari.

Hatumshauri Mganga Mkuu wa Wilaya ya Kibondo aweke kumbukumbu za wagonjwa katika Haiku. Mfumo ambao watengenezaji wenyewe wanauita wa majaribio usipewe mzigo huo, na kwa ofisi na shule Linux ya kawaida inafaa zaidi. Faida ya Haiku ni nyingine. Huendesha kompyuta kuukuu zenye kumbukumbu isiyofika hata gigabaiti moja, ambazo kwa Windows ya leo ni chuma chakavu. Na tena ni mdogo kiasi kwamba mwanafunzi mwenye bidii anaweza kuufungua na kuona namna unavyofanya kazi, jambo ambalo katika mifumo mikubwa limekuwa sawa na kumtaka mtu aihesabu miti ya Moyowosi.

Suala la kuona yaliyomo ndani si geni kwa nchi hii. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hiyo ikadumu miaka mingi. Siku hizi watu huicheka amri ile. Sisi tunaona kwamba dawa ilikuwa kali kupita kiasi, lakini ugonjwa ulikuwapo kweli: mashine za gharama kubwa, mafundi wageni, na Mtanzania amesimama kando asijue ndani mna nini. Marufuku iliondoka, kompyuta zikaja kwa wingi, na katika jambo hili la mwisho bado tumesimama palepale.

Jaribio la heshima lilifanyika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden na kwa msaada wa shirika la Sida, kiliendesha mradi ulioitwa Kilinux wa kuzitia programu huria katika Kiswahili. Desemba 2004 ikatoka Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya kuandikia barua na kupangia mahesabu, yote kwa lugha yetu. Kwa mara ya kwanza karani asiyejua Kiingereza aliweza kuhifadhi na kuchapisha barua akiwa anasoma kioo kwa Kiswahili. Ilitolewa bure, na ruhusa ya kuinakili ilikuwamo ndani yake.

Leo jina la Kilinux halimo vinywani mwa mafundi wa Kasulu. Tafsiri ya programu si kama tafsiri ya kitabu, ambayo ikishachapwa imekwisha. Kila toleo jipya huja na sentensi mpya, na Jambo ya mwaka 2004 haiwezi kuzijua sentensi zilizoandikwa baada yake. OpenOffice yenyewe iligawanyika mwaka 2010, likazaliwa tawi la LibreOffice ambalo ndilo linalotumika zaidi sasa. Pasipo mtu wa kuifuata tafsiri kila mwaka, maneno ya Kiingereza hurudi kioo kizima kama magugu katika shamba la maharage. Kwa maoni yetu, wale wa Haiku na wale wa Kilinux hawakupishana kwa akili wala kwa elimu. Mradi ulikuwa na tarehe ya kumalizika, na wafadhili wake waliiheshimu tarehe hiyo, kama ilivyokuwa haki yao. Kazi ya Haiku haikuwa na tarehe yoyote.

Basi kwa nini tunaitaja Kasulu, na si Dar es Salaam? Kwanza, umeme sasa upo wa kutegemea zaidi kuliko zamani: gridi ya Taifa ilifika Kasulu na Kibondo mwaka 2022, na mitambo ya dizeli ikapumzishwa. Pili, hapa ndipo Kiswahili kinapohitajika zaidi kwenye kioo. Mtoto wa shule ya msingi hufundishwa kila somo kwa Kiswahili, isipokuwa lugha za kigeni, kisha akiketishwa mbele ya kompyuta anaelezwa mambo yote kwa Kiingereza. Aidha katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kuwapokea wakimbizi wa Kongo, Kiswahili cha Kivu ndicho lugha ya wengi. Kioo cha Kiswahili kingewasaidia hao na wenyeji kwa pamoja.

Vifaa vya kuanzia ni vichache. Chuo cha Ualimu Kasulu kina walimu watarajiwa ambao Kiswahili ni kazi yao. Saa mbili za Jumamosi zinatosha kutafsiri sentensi mia moja, kuzijadili na kuzirekebisha. Ubishi utakuwapo, na ni ubishi mtamu: iwe kompyuta au tarakilishi, folda au kabrasha? BAKITA, baraza lililoanzishwa mwaka 1967, lipo kwa ajili ya kuulizwa mambo hayo. Bando la intaneti ni ghali, ni kweli, lakini programu ikishapakuliwa mara moja huweza kupita katika flashi kutoka Kasulu hadi Kibondo, mkono kwa mkono, na hakuna sheria iliyovunjwa. Kijana wa steshenari angeweza kuitoza kazi yake ya kuifunga kama anavyotoza sasa.

Yako mambo matatu ambayo madiwani wa halmashauri zetu wangeweza kuyauliza watakapoalikwa tena kupokea kompyuta za msaada na kupigwa picha pamoja nazo: zinaendeshwa na mfumo gani, mfumo huo utatunzwa hadi mwaka gani, na nani katika wilaya hii ana ruhusa ya kuufungua. Mtoaji mwenye nia njema atakuwa na majibu. Asipokuwa nayo, kompyuta zipokewe, na wiki hiyohiyo ziitiwe fundi.