Tuwe Mashahidi kwa Macho Yetu



Siku za ubatizo hapa Likasi tunaona jambo moja: mtu anashuka majini, na jamaa yake wote wameinua telefone. Anapotoka majini anatafuta nyuso za watu wake, lakini zimefichwa nyuma ya telefone.

Kupiga foto si zambi. Lakini tufahamu namna inavyotugeuza. Mwaka 2014 mtafiti wa Marekani, Linda Henkel, alichapisha uchunguzi wake: watu walitembezwa katika jumba la makumbusho, na vitu walivyovipiga foto walivikumbuka kidogo kuliko vile walivyovitazama tu. Ni kama akili inaiachia mashine kazi ya kukumbuka.

Tusome Luka 9:28-36. Musa na Eliya walipokuwa wakiondoka, Petro alitaka kujenga vibanda vitatu, kana kwamba utukufu ule ungeweza kuzuiwa mlimani. Sauti kutoka katika wingu ikaagiza wamsikilize Mwana. Vibanda havikujengwa. Lakini katika 2 Petro 1:16-18, akijua kufa kwake ni karibu, Petro bado anashuhudia aliyoyaona na kuyasikia.

Basi tuchague mtu mmoja wa kupiga foto kwa ajili ya wote. Sisi wengine tuweke telefone mfukoni, tuimbe, tuombe, tumpokee ndugu yetu kwa mikono miwili. Siku atakapojaribiwa, atahitaji mashahidi waliokuwa pamoja naye.