Mali Iliyofichwa kwa Shemeji

Katika Nyamasaria, pale barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Ahero inapopita kati ya maduka ya mbao, gereji na meza za omena, biashara nyingi huendeshwa kwa itibari kuliko kwa fedha taslimu: mwenye duka huchukua saruji leo akalipa mwisho wa mwezi, fundi huweka hati ya gari lake rehani kwa shailoki, na mama wa samaki hukopa chamani ili awahi shehena ya alfajiri Dunga. Madeni yakizidi mapato, na dalali akaanza kuulizia nyumba, ndipo mashauri ya faragha huanza: pikapu iandikishwe kwa jina la shemeji, ng'ombe wapelekwe Nyakach kwa mjomba, shamba la Kano agawiwe mtoto, na fedha zipitie simu ya mke. Mashauri hayo, ambayo aghalabu hutolewa na watu wampendao mdeni kwa dhati, ndiyo yamwangamizayo.

Humwangamiza kwa sababu Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, iliyoifuta ile ya zama za ukoloni, haikukusudia kumvua mtu nguo. Humwachia mufilisi zana za lazima za kazi yake, pamoja na vyombo vya nyumbani ambavyo yeye na wamtegemeao hawawezi kuishi bila kuwa navyo. Mwenye deni la kati ya shilingi 100,000 na 400,000, asiye na mali ya kuuzwa, amewekewa njia yake mahsusi ya kuondolewa deni baada ya miezi 12. Na yule aliyetangazwa mufilisi na Mahakama Kuu huachiliwa, pasipo pingamizi, ikitimia miaka 3 tangu alipowasilisha taarifa ya mali na madeni yake. Tangu alipowasilisha, nasisitiza, wala si tangu alipotangazwa. Kwa hiyo anayekawia kuijaza akitafuta namna ya kuficha, muda wake haujaanza hata kuhesabiwa. Kurani nayo yaamuru mdeni mwenye dhiki apewe muhula, na sheria hii, kwa lugha yake kavu, imeutoa muhula huo kwa anayesema kweli.

Asiyesema kweli hujitoa mwenyewe katika rehema hiyo. Aliyeficha mali ili kuwadhulumu wadai haruhusiwi kuingia katika ile njia ya wasio na mali, na akigunduliwa baada ya kuingia, huondolewa. Msimamizi wa mali ya mufilisi ana mamlaka ya kumwita yeye, mkewe na jamaa zake wahojiwe kwa kiapo. Na uhamisho wa shamba au gari huacha tarehe katika daftari la serikali, kama vile fedha za simu ziachavyo taarifa. Zawadi iliyotolewa karibu na kufilisika yaweza kubatilishwa, kuficha kwenyewe ni jinai, na deni lililopatikana kwa hadaa halifutwi kwa kuachiliwa.

Tena yuko shemeji mwenyewe, ambaye nadhani watu humsahau. Akifariki, au akigombana na dada yako, au akiamua tu kwamba pikapu ni yake, utamshtaki kwa hoja gani, hali hoja yako ya pekee ni kwamba uliwahadaa wadai wako?

Na wadai hao ni nani? Kampuni ya maduka makubwa ya Nakumatt, iliyokuwa na duka Mega City, Kisumu, kwenye barabara kuu hiyo hiyo iendayo Nairobi, ilipowekwa chini ya msimamizi Januari 2018 ikidaiwa zaidi ya shilingi bilioni 30, na wadai wakapiga kura Januari 2020 ifungwe, waliopoteza hawakuwa mabenki peke yao. Walikuwamo waliopeleka bidhaa kwa mkopo. Naitaja kwa ajili yao tu, si kumtuhumu yeyote kwa kuficha. Nyamasaria mdai wako ni muuza mbao wa mlango wa tatu, naye anadaiwa kwingine.

Basi aliyekwisha kuiandikisha pikapu kwa shemeji na aende kwa Mpokeaji Rasmi, afisa wa serikali anayeshughulikia ufilisi, akiwa ameitaja katika taarifa yake, pamoja na jina la shemeji na tarehe ya uhamisho, kabla hajaulizwa.