Nguzo mbili za trela ya boti: kwa nini zifungwe, na namna ya kuzirekebisha



Kazi ya kanisa kandokando ya Ziwa Victoria haiendi bila boti. Muuguzi wa chanjo, mchungaji wa zamu, bwana shamba na magunia ya mbegu, wote hufika visiwani kwa chombo hicho hicho kimoja. Kamati zetu zinapokutana, maswali huwa ni ya mashine, mafuta na jaketi za kuokolea, na ni maswali mazuri. Trela huulizwa mara chache. Lakini boti inayotolewa majini kila jioni kwa kuhofia wezi na dhoruba, au inayohamishwa kwa gari kutoka mwalo mmoja hadi mwingine, huumia zaidi katika zile dakika chache za kupandishwa kwenye trela kuliko inapokuwa safarini. Ndiyo maana katika toleo hili tunaeleza kifaa kidogo sana: nguzo mbili za mwongozo zinazosimama nyuma ya trela, moja kila upande.

KAZI YA NGUZO HIZI

Trela ikishaingia majini, dereva haioni tena. Nahodha naye anaona maji matupu, na hajui fremu imeanzia wapi. Upepo ukivuma kutoka ubavuni, tezi la boti husukumwa pembeni, mkuku unakosa rola za katikati na boti inalalia ukingo wa madigadi au chuma cha fremu. Boti ya faiba hapo hupasuka rangi ya nje na kuanza kunyonya maji. Boti ya mbao hulegea ubao na kuachia pamba ya kuzibia.

Nguzo mbili zilizosimama juu ya maji huondoa fumbo hilo. Dereva anayerudi nyuma huziona kwenye vioo na kujua trela imenyooka. Nahodha huzilenga kama mtu anayepita mlangoni. Upepo ukisukuma boti, ubavu hugusa nguzo na kurudi katikati.

Jambo la pili ni afya, na kwetu ni kubwa kuliko rangi ya boti. Pasipo nguzo, vijana wawili hadi wanne huingia majini hadi kiunoni kuishika boti kwa mikono. Maji ya kina kifupi ya mwambao wetu ndiyo makao ya konokono wanaoeneza kichocho, na vimelea vyake hupenya kwenye ngozi bila mtu kuhisi. Kuna pia hatari ya mkono au mguu kubanwa kati ya boti na chuma, na mialo mingine ina mamba. Si sawa kuwatibu wanakijiji kichocho kwa mkono mmoja na kuwaingiza vijana wetu majini kwa mkono wa pili. Boti yenye nguzo huhitaji nahodha, dereva na mtu mmoja mwenye kamba nchi kavu.

VIFAA

Kila nguzo ina sehemu mbili zenye umbo la herufi L: mkono wa chini unaolala kwenye fremu, na bomba linalosimama. Bomba la maji la chuma lililopakwa zinki, la inchi moja na nusu, linatosha. Juu yake huvikwa bomba la plastiki la milimita 63, ambalo ni pana kidogo, ili lizunguke boti inapoligusa na lisikwaruze. Juu kabisa huwekwa kifuniko ili mvua isiingie, na rangi nyeupe au ya machungwa ili ionekane alfajiri.

Kwa kufungia, tumieni bolti zenye umbo la U, mbili kwa kila mkono, pamoja na bamba la chuma, washa na nati mbili mbili ili ya pili izuie ya kwanza kulegea. Msikubali fundi atoboe fremu wala kuchomelea nguzo moja kwa moja. Tundu na moto huharibu zinki, na kutu huanzia hapo. Isitoshe, nguzo iliyochomelewa haiwezi kusogezwa, na kusogeza ndiyo kazi yenyewe.

KUFUNGA NA KUPIMA

1. Wekeni trela mahali tambarare, boti ikiwa juu yake, mkuku ukiwa katikati kabisa. Msipime boti iliyolala upande, maana mtakuwa mnafunga kosa lililopo.

2. Chagueni mahali nyuma ya magurudumu, kama sentimita 30 hadi 60 kutoka mwisho wa fremu. Nguzo isizibe taa za nyuma wala kuzuia kufungua gurudumu.

3. Pimeni upana wa boti mahali palipo papana zaidi, pamoja na mbao au mpira wa ubavuni. Boti nyingi za mbao ni nyembamba kwenye tezi kuliko katikati. Boti huingia kwa omo, hivyo sehemu yote iliyo pana lazima ipite kati ya nguzo kabla haijafika mwisho wa safari yake. Anayepima tezi peke yake atashangaa boti ikikwama katikati.

4. Ongezeni nafasi ya sentimita 3 hadi 5 kila upande. Kwa mfano, boti yenye upana wa sentimita 190, na nafasi ya 4 kila upande, inahitaji sentimita 198 kati ya nguzo na nguzo, zikipimwa kutoka uso wa ndani wa plastiki. Nusu yake, yaani 99, ihesabiwe kutoka mstari wa katikati wa trela kwenda kila upande. Kupima nguzo kwa nguzo peke yake hakutoshi. Zinaweza kuwa na nafasi sahihi na bado zote zimeegemea kushoto.

5. Urefu: nguzo ipite ukingo wa juu wa boti kwa sentimita 30 au zaidi. Ukingo ukiwa sentimita 90 juu ya fremu, bomba linalosimama liwe 120. Kwa mwalo wenye mteremko mkali ongezeni, kwa kuwa nyuma ya trela huzama zaidi.

6. Kazeni nati kidogo kidogo kwa kupokezana, si moja hadi mwisho kisha nyingine. Hakikisheni nguzo zimesimama wima na upana wote wa trela hauzidi ule unaoruhusiwa barabarani.

KUJARIBU NA KUREKEBISHA

Jaribio lifanyike asubuhi maji yakiwa yametulia, kwa kuwa mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu. Rudisheni trela hadi maji yakaribie juu ya madigadi, kisha nahodha aingie polepole. Trela ikizama kupita hapo, boti itaelea juu ya rola na kutua popote, na nguzo haziwezi kuisaidia. Baada ya kuvuta kwa winchi, someni dalili hizi:

– Boti imekaa upande mmoja: pimeni tena kutoka katikati, nguzo moja imesogea.
– Boti inabana pande zote: zipanueni sentimita moja kila upande, mjaribu tena.
– Boti inaingia kwa kuyumba: nafasi ni kubwa, zisogezeni ndani.
– Plastiki imeacha alama ndefu ubavuni baada ya safari ya barabara: nguzo inagusa boti ikiwa imetulia, na mtikisiko wa barabara unaisugua. Boti ikishakaa, nguzo isiiguse.
– Nguzo imeinama nje: bolti zimelegea, au boti imesukumwa kwa nguvu. Nguzo ni ya kuongoza, si ya kubeba. Haizuii boti inayoingia kwa kasi au kwa mshazari.

Kazeni tena nati zote baada ya safari ya kwanza, kisha kila mwezi. Na kumbukeni kwamba ziwa letu halikai mahali pamoja. Mwaka 2006 maji yalishuka sana. Mwezi Mei 2020 yalipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, na mialo mingi ikafunikwa. Mwalo ukihama, mteremko hubadilika, na urefu wa nguzo uliofaa mwaka jana huenda usifae mwaka huu. Pimeni upya.

KWA KAMATI NA WAFADHILI

Kamati ya usharika inayopokea boti isisaini hati ya makabidhiano mpaka imeona boti ikishushwa na kupandishwa kwa trela yake mbele ya wanakamati. Vipimo vitatu viandikwe kwenye daftari la chombo: upana wa boti, nafasi kati ya nguzo, na umbali wa kila nguzo kutoka katikati. Nahodha akibadilishwa au nguzo ikigongwa, mwingine atazirudisha mahali pake kwa futi na spana mbili tu.

Kwa washirika wetu, tunaomba jambo moja. Bajeti ya boti mara nyingi huishia kwenye boti, mashine na trela tupu. Nguzo huachwa "zitakazonunuliwa baadaye", na baadaye hiyo huja pamoja na hati ya madai ya matengenezo. Mabomba mawili, bolti nne na siku moja ya fundi viwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Hamtapata picha nzuri ya kubandika ukutani, lakini boti itafanya kazi siku ambazo ingekuwa kwa fundi, na watoto wa visiwani watapata chanjo kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kadi zao.

Uwakili ni pamoja na kutunza kilichotolewa kwa sadaka ya watu. Usharika wenye trela ambayo haijafungwa nguzo ulete vipimo vyake kwa mratibu wa miradi kabla ya mkutano ujao wa jimbo, ili vifaa viagizwe kwa pamoja na kwa bei nafuu. Mungu awabariki na kuwalinda wote wasafirio majini.