Gitaa Lenye Mabaka: Kuitibu Mbao Iliyokunywa Rangi Vibaya

Anayenunua gitaa la umeme la kujiundia hupokea boksi lenye kiwiliwili kilichokwisha kuchongwa, shingo, skurubu, nyaya na nyuzi sita. Kiwanda kimemaliza karibu kazi yote ngumu, ila mbao imeachwa uchi. Kuipa rangi ni juu ya mnunuzi, na hapo ndipo wengi huvunjika moyo. Mtu hupaka buluu kwa kitambaa akitazamia uso wa bahari, kisha dakika chache baadaye anaona mabaka meupe, kingo zilizoiva kupita kiasi na michirizi katikati. Mkono hukimbilia msasa.

Msasa ndio wa kuogopwa kwanza.

Magitaa mengi ya aina hii yana kiwiliwili cha mbao laini, na juu yake kumegandishwa vinia, yaani utando wa mbao nzuri, mara nyingi mepo yenye mawimbi. Unene wa vinia hiyo kwa kawaida haufiki milimita 1. Msasa ukiitoboa, hasa kwenye kingo, mbao ya chini huchomoza ikiwa na rangi na mistari yake, na utando ukishaliwa haurudi. Kwa hiyo fundi mzoefu huanza kwa kulichunguza doa.

Baka jeupe lisiloshika rangi mara nyingi ni gundi. Ilipenya kutoka chini ya vinia au ilichuruzika kwenye maungio, ikakauka na kuziba vitundu vya mbao. Kabla ya kupaka, ukiipangusa mbao kwa kitambaa chenye spiriti nyeupe, mbao safi hukolea kwa muda na sehemu yenye gundi hubaki imepauka. Baka dogo huondolewa kwa kulikwangua polepole kwa wembe ulioshikwa wima, kisha mahali hapo pakapakwa upya kwa brashi ndogo.

Kingo zilizokolea zina sababu nyingine. Pale ubao ulipokatwa kukingamana na mistari yake, mirija iliyokuwa ikipitisha maji mti ulipokuwa hai imebaki wazi, nayo hunyonya rangi kama mrija ndani ya soda. Uso ukiishia msasa namba 220, kingo hizo husuguliwa hadi namba 320 ili zinywe kidogo. Njia nyingine ni kuzipaka kwanza shelaki nyepesi iliyozimuliwa kwa spiriti ya alkoholi.

Madoa meusi kama wino huashiria chuma. Sufi ya chuma iliyotumika kusugulia huacha vumbi lake, na rangi ya maji ikiligusa vumbi hilo hushika kutu na kuitia mbao madoa, hasa ile yenye tanini nyingi kama mwaloni. Doa la namna hii hutibiwa kwa asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa katika maji. Vumbi hilohilo hunaswa pia na sumaku za pikapu, yaani vinasa sauti vya gitaa, na hiyo ni sababu nyingine ya kuiweka sufi hiyo mbali.

Michirizi hutegemea aina ya rangi. Rangi iliyoyeyuka katika maji hukubali kuamshwa: uso mzima ukipanguswa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, rangi husogea na kujisawazisha. Rangi ya spiriti ya alkoholi hukauka haraka mno, ndiyo maana huacha alama kila kitambaa kinapopita juu ya sehemu iliyokwisha kukauka. Kitambaa chenye spiriti hiyo huilegeza. Rangi ya mafuta yenye chembe ni ya kuwahiwa kwa tapentaini kabla haijakomaa, kwani baadaye chembe zake hung'ang'ania ndani ya vitundu.

Ikishindikana, rangi za kuyeyuka nyingi hufifishwa kwa jiki, dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe. Hupakwa kiasi kwenye mbao isiyo na vanishi, huachwa ifanye kazi, kisha hufutwa kwa maji safi mara kadhaa. Maji mengi yanaweza kuibandua vinia, hivyo kitambaa kikamuliwe vizuri na kiwiliwili kiachwe kikauke kabisa kabla ya kupakwa tena. Kazi hii ifanyike nje, kwa glavu na miwani. Jiki isichanganywe kamwe na siki, asidi ya oksaliki wala asidi nyingine, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu.

Kuna pia suluhisho la kukubali doa na kulifunika kwa ustadi. Gitaa la Stratocaster la kampuni ya Fender lilipoingia sokoni mwaka 1954, rangi yake ya kawaida ilikuwa sanibasti: katikati manjano ya asali, kingo nyeusi. Kwa anayejiundia gitaa, kingo zilizokolea kwa bahati mbaya zinaweza kugeuzwa sanibasti kwa kuzikoleza zaidi kwa makusudi, pande zote sawasawa. Les Paul ya Gibson ya mwaka 1952 ilipakwa dhahabu isiyoonyesha mbao, hivyo vipande vya mepo vya chini havikulazimika kufanana. Mwaka 1958 kampuni hiyo iliingiza sanibasti nyekundu juu ya mepo hiyo, na nyekundu ya nyingi kati ya hizo ilipauka kwa mwanga ikabaki rangi ya asali. Leo ni miongoni mwa magitaa ghali kuliko yote.

Kabla ya duru ya pili, rangi ijaribiwe kwenye mfuko wa shingo au ndani ya shimo la nyaya, sehemu zitakazofichwa gitaa likikamilika. Mbao ya huko huenda isiwe ile ya vinia, lakini itaonyesha iwapo rangi imezimuliwa vya kutosha. Ikishakauka, ilowanishwe kidogo kwa spiriti nyeupe: kwa dakika chache itaonekana karibu kama itakavyokuwa chini ya vanishi.