Nyumba Isiyo na Daka

Apitaye Upper Hill jijini Nairobi huyaona majumba ya vioo ambayo yangeweza kuwa Dubai au Shanghai, wala asigundue tofauti. Mtindo huo ulivuma New York katika miaka ya 1950. Chini ya jua la ikweta, kioo hunasa joto, nayo mitambo ya kupozea hewa hunguruma mchana kutwa.

Nyumba ya mawe ya Lamu ina mantiki nyingine. Kuta zake nene za matumbawe huzuia joto. Urefu wa boriti za mkoko ndio uliopima upana wa chumba, hivyo vyumba vikawa virefu na vyembamba (na vya ndani, ni kweli, vina giza). Mbele ya mlango pana daka lenye baraza za mawe kando zote mbili. Hapo mgeni huketi, akaamkiwa, akajuliwa hali, kabla ya kuingia tekani na kiwandani. Daka si njia wala si nyumba. Katika jumba la kisasa, mahali pake pameshikwa na lango la chuma na daftari la bawabu.

Hasara hii imeifikia hata fasihi. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir anaonyesha anguko la Pate kupitia nyumba zenyewe: vidaka vya ukutani vilivyopangwa sahani vimekuwa malazi ya ndege. Mwanafunzi aliyelelewa baina ya kuta tupu za saruji hukifasiri kidaka kwa kamusi. Maana anaipata, ukiwa wa ukuta ule haumgusi.